Tubadilishane sabufa za gari kwa Sansui ya Japani? Shemeji hajui yote

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Mbagala, nina mke na mtoto mmoja. Nina Toyota IST, ya kwenda kazini na wikiendi ya kubeba abiria wa kukodi. Mwanzoni mwa mwaka huu nikapata hamu ya kuweka muziki kwenye gari. Sikutaka wa kuamsha mtaa, nilitaka tu besi isikike vizuri.

Nikaenda Kariakoo. Winga akanidaka kabla sijafika hata kwenye duka nililoelekezwa, akanipandisha ghorofani kwenye duka jingine. Nikauziwa amplifaya iliyoandikwa 4800W kwa herufi kubwa za fedha, sabufa mbili za inchi 12 zilizofungwa ndani ya boksi moja, pamoja na pakiti ya nyaya. Jumla shilingi 780,000. Fundi wa kufunga aliletwa na winga huyohuyo, akachukua 50,000 yake. Risiti ya mashine sikupewa, niliandikiwa kikaratasi tu.

Wiki ya kwanza nilifurahi. Baadaye mambo yakaanza. Besi ikigonga, taa za mbele zinapepesa kama mshumaa. Nikiongeza sauti, taa nyekundu inawaka kwenye amplifaya na muziki unakatika; nikizima na kuwasha tena unarudi. Halafu asubuhi mbili gari limekataa kuwaka, betri imekufa kabisa. Mara ya pili ilikuwa siku ya kliniki ya mtoto, ikabidi mama na mtoto wapande bodaboda. Tangu hapo mke wangu amesema kati yake na lile boksi, mmoja ashuke kwenye gari.

Nilirudi dukani, nikaambiwa mali ikishauzwa hairudi. Fundi akasema amplifaya ni kubwa kuliko gari, ninunue betri ya pili na kapasita, niandae kama 350,000.

Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana grosari Chanika. Amesikia nauza na anataka boksi na amplifaya akavitumie pale grosari kwa betri na chaja. Fedha hana, anataka tubadilishane. Yeye ana amplifaya ya nyumbani ya Sansui na spika mbili kubwa za mbao. Vilikuja kutoka Japani ndani ya gari alilonunua marehemu baba yao, vikawekwa stoo, na hakuna aliyewahi kuviwasha. Nimevitazama. Nyuma ya amplifaya pameandikwa AC 100V 50/60Hz. Pembeni ya koni za spika kuna kitu kama sponji, nikikigusa kinamomonyoka.

Shemeji hajui habari za taa nyekundu wala betri kufa. Nadhani hata hiyo 100V hajui maana yake. Mke wangu anasema badilisheni upesi kabla kaka yake hajageuza mawazo. Rafiki yangu anasema Sansui ya zamani ni dili, nisilaze damu. Mimi roho inasita. Nimweleze au ninyamaze? Na hiyo 100V nifanye nayo nini? Nimekutumia picha za kila kitu, hadi za chini ya boneti.

Mwenye IST, Mbagala

*

Marahaba, mpwa wangu.

Shemeji atasubiri kidogo. Picha ya chini ya boneti ndiyo imenitisha. Waya mwekundu unatoka kwenye chanya ya betri, unapenya tundu la bati, unaingia ndani mpaka kwenye buti, na njia nzima sioni fyuzi. Zile fyuzi mbili zilizo ubavuni mwa amplifaya zinailinda amplifaya, waya haziulindi. Siku ganda likichubuka pale penye ukingo wa bati na chuma cha ndani kikagusa bodi, betri itamwaga kila ilichonacho kwenye waya huo, na hata betri ya gari dogo inaweza kutoa mamia ya ampia kwa mkupuo. Waya utageuka kaa la moto, nao umelazwa chini ya kapeti, chini ya kiti anachokaa mtoto. Fyuzi kuu hukaa karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi kutoka kwenye nguzo, kwa sababu kipande chote kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Leo hii uchomoe waya ule kwenye betri. Usiurudishe mpaka upate kishikio cha fyuzi, pamoja na mpira wa kuvisha lile tundu ili bati lisiendelee kuula waya. Aliyekufungia hivyo akakuchaji 50,000, ningekuwa jirani yako ningekwenda naye kumdai.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze hiyo 4800. Isahau, mpwa. Amplifaya haitoi zaidi ya inachokula, na inachokula kinasomeka kwenye fyuzi zake. Zako naziona kwenye picha: mbili, kila moja 30. Hizo ni ampia 60. Gari likiunguruma, umeme wake ni volti 13.8 mpaka 14.4. Zidisha 60 kwa 14, unapata wati 840, na hizo ndizo zinazoingia. Pembeni, kwa herufi ndogo, imeandikwa kuwa ni ya daraja AB. Amplifaya za daraja hilo hata kwenye hesabu za vitabuni hazitoi zaidi ya asilimia 78 na ushei ya umeme zinaokula. Kwenye gari, sauti ikiwa juu, chukulia 60 hivi. Zinazobaki zinageuka joto, ndiyo maana lile bati lake lenye mapezi linachoma mkono. Kwa hiyo una wati 500 za kweli, ukiwa na bahati. Ili itoe 4800 ingehitaji zaidi ya ampia 550, wakati oltaneta ya gari dogo, ile jenereta ya kwenye injini inayochaji betri, kwa kawaida hutoa kati ya 70 na 100, na hapohapo inalisha taa, feni na injini yenyewe.

Wauzaji hawa hawakuanza jana. Ukubwa wa namba ulikuwepo tangu redio za kaseti zilizobandikwa PMPO, namba isiyopimwa kwa kipimo chochote ambacho makampuni yalikubaliana. Nchini Marekani udanganyifu wa wati kwenye vifaa vya nyumbani ulizidi hadi Tume ya Biashara ya nchi hiyo ikaweka kanuni mwaka 1974, kwamba anayetangaza nguvu ya amplifaya ya nyumbani ataje nguvu inayotoka mfululizo. Kampuni za Kijapani zilizokuwa zikiuza huko zililazimika kufuata. Ndiyo sababu amplifaya ya zamani ya sebuleni inaweza kuandikwa wati 45 ikaifunika sabufa ya kisasa yenye maelfu kwenye boksi. Vifaa vya gari vilipata kipimo chao mwaka 2003, kinaitwa CEA-2006, siku hizi CTA-2006, lakini hicho ni cha hiari: kampuni inayojiamini huweka nembo yake, isiyojiamini huweka herufi kubwa za fedha. Unaponunua, tafuta neno RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, na namba iliyo mbele yake, kisha ulinganishe na fyuzi. Kama haviendani, amini fyuzi.

Tena hizo wati zenyewe watu wanazitukuza mno. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu za ukali wa sauti, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushangaa. Ili muziki usikike kama umeongezeka maradufu unahitaji wati mara kumi hivi. Spika inayopokea umeme kidogo na kuugeuza sauti nyingi, yenye desibeli 93 kwa wati moja badala ya 87, inakufaa kuliko kununua amplifaya yenye nguvu mara nne. Namba hiyo huwa nyuma ya boksi au kwenye kijitabu, na sijapata kuona winga aliyeitaja.

Sasa habari njema. Sidhani kama amplifaya yako ina ugonjwa.

Taa nyekundu ni ya kinga. Amplifaya inajizima kabla haijaungua, na sababu naiona kwenye picha ya boksi. Kila sabufa yako imeandikwa omu 4, kipimo cha inavyouzuia umeme; kadiri omu zinavyopungua ndivyo amplifaya inavyolemewa. Fundi ameziunganisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, kisha akaunganisha chaneli mbili za amplifaya ziwe moja, ile mafundi wanayoiita kubriji. Sabufa mbili za omu 4 zikifungwa sambamba hivyo zinakuwa omu 2. Soma kilichoandikwa jirani na matundu ya waya: kila chaneli ikiwa peke yake inakubali kushuka hadi omu 2, ikibrijiwa mwisho wake ni 4. Ameipa mzigo mara mbili ya ule iliotengenezewa. Sauti ikiwa chini inavumilia, ukiongeza inajiokoa. Dawa yake haina gharama: sabufa moja ifungwe kwenye chaneli ya kushoto, nyingine ya kulia, kila moja na waya wake, chanya kwa chanya. Hilo la chanya kwa chanya usilipuuze, maana sabufa mbili ndani ya boksi moja zikipishana, moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, na besi inapotea. Utadhani umeibiwa tena.

Taa zinazopepesa zinaonyesha umeme wa gari lenyewe unashuka besi ikigonga, na mzigo ule uliozidi unachangia. Nyaya nazo zina kasoro zake. Waya wa pakiti za bei ndogo huwa mnene kwa nje, ganda tupu, na ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, umeshajua. Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, na kwenye nguzo hulegea kadiri inavyopata joto na kupoa. Halafu picha ya buti inaonyesha waya wa bodi, ule wa hasi wa amplifaya, umebanwa na skrubu juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Mahali pale pakwanguliwe hadi bati ling'ae, pafungwe kwa bolti, kisha papakwe grisi ili unyevu wa Dar usilete kutu.

Kama unataka kuhakikisha kabla ya kununua chochote, azima mita kwa fundi yeyote wa redio. Washa gari, piga wimbo wenye besi, pima volti kwenye nguzo za betri kisha kwenye matundu ya amplifaya. Betri ikibaki 13 na kitu huku amplifaya ikishuka kwenye 11, mwizi ni waya. Zikishuka zote mbili, hapo ndipo useme betri au oltaneta imechoka au imeelemewa. Kapasita humsaidia mtu kwa sehemu ndogo ya sekunde na haizalishi umeme. Betri ya pili nayo inahitaji kuchajiwa na oltaneta ileile. Ile 350,000 ikae mfukoni.

Na asubuhi gari kutowaka? Tazama nyuma ya redio yako. Waya wa buluu wenye mstari mweupe, unaotoka kwenye redio, kazi yake ni kuiamuru amplifaya iwake redio ikiwaka na izime redio ikizimwa. Fundi ameuacha unaning'inia, akachukua waya wa amri wa amplifaya akaupachika kwenye waya wa njano, ambao una umeme saa 24. Amplifaya yako hailali. Daraja AB hata bila muziki inaweza kunywa ampia moja au mbili, na betri ya gari kama lako ina ampia-saa 35 hadi 45. Fanya hesabu kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi uone kilichobaki cha kuamsha injini. Ungeenda usiku kwenye gari, ufunguo mfukoni, ungeikuta taa ya amplifaya inakutazama. Muunganisho mmoja ukihamishwa, mama na mtoto hawatapanda tena bodaboda kwa sababu ya muziki.

Kuhusu kurudisha dukani, sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo, na bidhaa bandia zina mahali pake pa kulalamikiwa, Tume ya Ushindani. Lakini kikaratasi chako hakina jina la duka, hakina modeli, hakina namba ya mlipakodi. Utahangaika. Safari nyingine dai risiti ya EFD, ile ya mashine, iliyoandikwa modeli kamili, na muuzaji akikwambia bei ya risiti ni nyingine, amekueleza kitu muhimu kuhusu waranti yake pia.

Tuje kwa Sansui.

AC 100V maana yake ilitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Ukiichomeka ukutani, hata kwa kujaribu kidogo tu, unaipa zaidi ya mara mbili. Ikikuhurumia itakata fyuzi. Isipokuhurumia itaondoka na transfoma yake na kapasita kubwa za ndani, na vipuri vya Sansui ya zamani havipatikani kwa kuvuka barabara. Zile 50/60 zisikutie hofu: Tokyo wanatumia hezi 50, Osaka 60, kwa hiyo watengenezaji waliziandaa zikubali zote. Kwanza angalia nyuma kama kuna swichi ya kuchagua volti, maana zile zilizotengenezwa kwa kuuzwa nje nyingi zinayo. Zenye 100 peke yake kwa kawaida hazina. Vitu vya Uingereza na vya Dubai havina shida hii, umeme wao unakaribiana na wetu na plagi ni hiihii ya pini tatu bapa. Vya Japani vina mambo yake. Hata redio iliyokuja na IST yako, kama hukuibadilisha, bila shaka iligoma kupanda juu ya 90 kwenye FM, kwa kuwa redio za kwao za wakati huo zilitengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90.

Kinachohitajika ni transfoma ya kushusha, 230 kwenda 100. Taja 100 dukani kwa sauti, kwa sababu nyingi zilizopo zinashusha hadi 110 kwa ajili ya vifaa vya Marekani, na asilimia kumi zaidi kila siku itaizeesha mashine. Ukubwa utaupata kwenye kibao kilekile cha nyuma, palipoandikwa wati inazotumia. Kama ni 200 au 220, chukua transfoma ya VA 500, isihangaike.

Na siku ya kuiwasha mara ya kwanza baada ya miaka ya stoo, msiiwashe wenyewe. Ipelekeni kwa fundi mwenye balbu. Fundi mzuri wa redio ana balbu ya zamani, ile yenye kiuzi cha kuwaka, ya wati 60 au 100, aliyoifunga kwenye njia ya umeme kabla ya mashine. Mashine nzima ikiwa salama, balbu inawaka mara moja kisha inafifia. Ikibaki inang'aa, ndani kuna shoti, na balbu imeshaikinga isiungue. Ikipita hapo, sekunde chache baada ya kuwashwa msikie mlio mdogo, tak, wa rilei ya spika. Mlio huo ni mashine inasema imejikagua na inaruhusu spika ziunganishwe. Fundi apime volti za moja kwa moja (DC) kwenye matundu ya spika zisizidi milivolti 50; zikizidi sana zitapika koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni. Vitufe vya sauti vikikwaruza, hiyo ni vumbi na kutu nyepesi, dawa ya kupuliza inatosha.

Spika zenye sponji inayomomonyoka msizikatie tamaa, wala msizipige hivyo zilivyo. Sponji ile huoza yenyewe kwa miaka, kwenye unyevu wetu haraka zaidi, na bila hiyo koni haishikiliwi vizuri katikati. Koili inaweza kusugua sumaku na kufa. Mafundi wa spika huvisha sponji mpya au mpira, na mpira huishi zaidi. Kabla ya kulipia kazi hiyo hakikisha koili ni nzima: mita kwenye spika ya omu 8 isome 6 au 7, isiposoma kabisa waya umekatika. Kisha sukuma koni kwa vidole vyote, taratibu, ukisikiliza. Ikikwaruza, mkono wako utajua kabla ya sikio.

Sasa swali lako lenyewe. Mweleze, mpwa. Na si kwa sababu ya sabufa zako, hizo nimekuonyesha zinapona. Mweleze kwa sababu makubaliano yenu, hivi yalivyo, yanamuumiza yeye pande zote mbili, na wewe ndiye pekee uliyesoma kibao cha nyuma.

Upande wa kwanza, amplifaya ya gari haimfai grosari. Inataka volti 12 zenye ampia 60 za uhakika. Chaja ya betri ya kawaida haitoi hata robo ya hizo. Atapiga muziki saa chache kwa nguvu ya betri, betri itashuka, chaja itahema usiku kucha, na betri ya gari isiyotengenezwa kwa kukaushwa kila siku itakufa ndani ya miezi. Sapulai ya umeme yenye ampia 60 ipo, lakini bei yake inakaribia ya amplifaya ya ukutani. Boksi lako nalo linatoa besi tupu. Maneno ya mwimbaji atayapata wapi? Wateja wake watakunywa huku wanasikiliza ngoma bila wimbo.

Upande wa pili, Sansui nzima hutafutwa na wapenda muziki wa kila nchi, na ikipona ile ina thamani kuliko ulichopewa wewe Kariakoo. Rafiki yako kasema kweli kwamba ni dili. Amesahau kusema dili la nani. Huyo unayetaka kumfanyia hivyo utakaa naye kwenye misiba na harusi maisha yako yote, na siku atakapomkuta mtu wa kumweleza bei ya Sansui, mkeo ndiye atakayekuwa katikati.

Kwa hiyo msibadilishane. Nenda Chanika, mweleze mambo ya 100V ili asije akaichomeka siku ya fainali ya mpira, msaidie kupata transfoma na fundi wa balbu. Kwa grosari ndogo, Sansui yake na spika zake zikivishwa sponji zitamtosha, mradi iwekwe mahali penye hewa, isifunikwe kitambaa, na kitufe cha sauti kisigeuzwe mpaka mwisho. Kama yeye mwenyewe, baada ya kujua, bado anataka kuiuza, nunua kwa fedha kwa bei ambayo mtu wa nje angempa. Na kwa kuwa ilikuwa mali ya baba yao, aulize kwanza ndugu zake, mkeo akiwemo.

Boksi lako lirekebishe kwanza, hata kama nia ni kuuza. Likipiga bila kukatika na taa zikitulia, huenda mama mwenyewe akakubali libaki. Akikataa, liuze kwa mwenye gari. Bei uipime kwa kuuliza seti kama hiyo mpya ni kiasi gani leo, uchukue nusu yake au zaidi kidogo. Zile 780,000 ulizotoa hazimhusu mnunuzi, cha winga kimo humo. Kwenye tangazo weka picha ya fyuzi na ya nyuma ya sabufa, andika wati 500 badala ya 4800. Watu wa namba kubwa watapita, atakuja anayejua, na huyo habishani sana. Mfungulie muziki ndani ya gari kabla hujafungua hata skrubu. Akilipa kwa simu, tazama salio lako, usitazame ujumbe, kwa sababu ujumbe wa malipo unaweza kutungwa na mtu aliye mbele yako. Andikianeni jina, modeli na namba za mashine, kila mmoja abaki na nakala. Redio na spika za magari zinaibwa kila siku, na kupokea mali ya wizi ni kosa hata kwa aliyenunua kwa jasho lake akijua au akiwa na sababu ya kujua. Hiyo karatasi itakufaa wewe na yeye.

Hilo la fyuzi ya betri lianze, hata kabla ya kwenda Chanika.